Fundi wa faiba kaniambia "bosi, si uhamishie TV stoo?" Mbele ya mama mkwe!

Chuma cha Segerea (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, gari lao ndiyo kwanza limekata kona. Sina haja ya kuwataja, mnawajua. Ni wale wale wenye bango kila nguzo kuanzia Tabata mpaka Kinyerezi, lile la dada anayecheka na rimoti mkononi kama kapewa hati ya kiwanja.

Nimelipia intaneti ya kasi ya 20 Mbps. Kijana wa mauzo kaapa kwa Mungu kwamba 4K, ile picha kali kabisa, itapita bila kugusa breki. Na mimi si mtu wa kukurupuka, nilisoma kwanza: Netflix wenyewe wanasema 4K inataka 15, picha ya chini yake ya 1080 inataka 5, ya 720 inataka 3. Kwa hiyo 20 inatosha na chenji inabaki. Nikatoa hela.

Anakuja fundi. Anazunguka nyumba, anaona nguzo iko upande wa uani, anachagua ukuta wa karibu kuliko wote, anatoboa. Anatokea stoo. STOO wakuu! Anaiweka rauta nyuma ya friza, juu ya gunia la mchele, halafu anasimama humo humo stoo anapima kwa simu yake: 20. "Bosi umeona? Moto."

Nikamwambia twende sebuleni ilipo TV. Kutoka stoo mpaka pale kuna kuta mbili za tofali na kabati la vyombo. Tukapima. Mbili. Si ishirini na mbili, MBILI. Nikafungua filamu, sura za watu zikaja viraka viraka, kaduara kakaanza kuzunguka. Kamezunguka mpaka mama mkwe, aliyeshuka jana tu kutoka Tanga, akauliza, "Baba, hiyo ndiyo inavuta maji?"

Nikamwambia yule kijana kwa upole kabisa: mwanangu, leta waya mpaka hapa. Akaniangalia, mkono kiunoni, mama mkwe kakaa pale, wanangu wako pale, akasema: "Bosi, si uhamishie TV stoo?"

Hamishia TV stoo. Inchi 55! Niiweke wapi, juu ya jiko la mkaa? Mkwe wangu akalie debe la mafuta? Nimenunua makochi kwa kudunduliza mwaka mzima ili mtoto wa juzi aniambie maisha yangu niyahamishie kwenye harufu ya vitunguu?

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki wa kutosha harusi nzima, dada akaniuliza TV yangu ni ya mwaka gani. Nikamweleza habari ya stoo. Akasema, "Kaka, hapa fundi ameandika kazi imekamilika na mteja ameridhika."

AMERIDHIKA. Mteja yupi? Friza?

Yaani kila nikifumba macho namwona na mkono wake kiunoni. "Si uhamishie TV stoo?" Mama mkwe hakusema kitu. Kajifunga tu khanga vizuri, kaingia ndani kulala saa moja jioni.

---

Kijana wa Kirumba

Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto. Mkuu, humo stoo mama mkwe mpangie upande wa friza, kuna ubaridi.

---

Bibie wa Kigamboni

Msimcheke kaka wa watu. Hao hao kwangu waliifunga juu ya mlango wa choo, nikiuliza wananijibu, "Mama, hapa ndipo katikati ya nyumba." Sasa wageni wakitaka Wi-Fi nzuri wanajazana koridoni kama... sitaki hata kusema.

---

Chuma cha Segerea

Dada, choo angalau kiko ndani. Stoo yangu inafungwa na kufuli! Na wewe hawakukuambia uhamishie TV chooni. Mimi nimeambiwa, kwa mdomo, mbele ya mkwe.

---

Mzee wa Koili

Mkuu, mimi nafunga hivi vitu Arusha, nisikilize. Rauta yako inarusha masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ile 5 ina kasi lakini ukuta wa tofali unaichosha. Ile 2.4 inapenya zaidi, ila mtaa mzima umejazana humo, na friza ni chuma, linakinga yote mawili. Kiboksi cha faiba, kile kinachopokea waya wa nje, kiache stoo. Vuta waya wa mtandao, ule wa Cat 6, kupitia juu ya dari ushukie nyuma ya TV, na rauta ihamie huko huko sebuleni. TV nyingi tundu lake la waya lina 100 Mbps tu, usihangaike, 4K inataka 15. Na usidanganyike na vile virudishi vya Wi-Fi vya bei chee vya kuchomeka ukutani. Vingi vinapokea na kurusha kwa masafa hayo hayo, kasi inakatika karibu nusu. Ukipeleka nusu ya mbili sebuleni umepeleka nini?

---

Chuma cha Segerea

Asante mkuu, lakini sijaomba somo. Huo waya angeuvuta yeye, ufungaji nimeulipia. Swali langu ni moja tu: mtu anapata wapi ujasiri wa kumwambia mwenye nyumba ahamishie TV stoo?

---

Mzee wa Koili

Kwa hiyo unataka Wi-Fi au unataka kuombwa radhi?

---

Chuma cha Segerea

VYOTE.

---

Nyanda za Juu

Mnagombania sebule na stoo wakati sisi huku Mbeya mtaani kwetu faiba hatujaiona hata kwenye picha. Tunaishi kwa bando la simu. 4K inakula mpaka GB 7 kwa saa. Filamu moja ya saa mbili na bando la wiki tumelizika. Mimi ningepewa stoo yenye 20 ningehamia na kitanda.

---

Kijana wa Kirumba

@Nyanda za Juu, mkuu umemmaliza jamaa.

---

Hesabu Kali

Hapo hapo kwenye 20. Kwangu nimelipia 20 hiyo hiyo, lakini nikishusha faili kompyuta inaandika 2.5. Kumi na saba na nusu zinakwenda kwa nani? Hawa ni wezi, tuandamane mpaka TCRA, wasimamizi wa mawasiliano!

---

Mzee wa Koili

Hujaibiwa. Bango linahesabu megabiti, kompyuta yako inahesabu megabaiti. Baiti moja ni biti 8. 20 gawa kwa 8 ni 2.5. Umepata chako chote.

---

Hesabu Kali

Sasa kwa nini wasiandike 2.5 kwenye bango?

---

Bibie wa Kigamboni

Nani atanunua 2.5?

---

Chuma cha Segerea

Jamani, nyie mnapata 2.5 yenu mkiwa mmekaa kwenye makochi. Turudi kwa yule fundi.

---

Dada Zuu

Mimi wangu wameandika "bila kikomo" kwa herufi za nusu mita. Tarehe kumi na kitu ya kila mwezi intaneti inaanza kutambaa. Nikauliza, nikaambiwa nimevuka matumizi ya kistaarabu. Ustaarabu! Watoto wangu wanaangalia katuni, ustaarabu gani mnautaka zaidi ya huo? Soma maandishi madogo kule chini kabla hujalipa, kikomo kipo, kimejificha tu.

---

Pwani 254

Poleni majirani. Sisi huku Kenya Starlink ilianza Julai 2023, nikadhani ndiyo nimeokoka na mambo ya waya. Novemba 2024 wakafunga kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, nafasi zimejaa. Ndugu yangu alikuwa ameshanunua kila kitu na kupanda kwenye paa. Bado ana kovu la goti.

---

Nyanda za Juu

Hakuna cha setilaiti wala faiba, yote ni majaliwa. Mmesahau Mei 2024? Nyaya za baharini mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja, mwenye 20 na mwenye 200 wote tukawa tunaangalia dari.

---

Kijana wa Kirumba

Ile siku niliongea na mke wangu mpaka tukagombana.

---

Dada Zuu

Bahari iko mbali. Mimi adui yangu ni umeme. Ukikatika hata dakika moja, rauta inazima, na ikirudi inachukua mwaka kuwaka. Watoto wanalia, filamu iko pale pale mtu anapotaka kutaja muuaji.

---

Mzee wa Koili

Dada, nunua ile UPS ndogo ya rauta, betri ya akiba ya kukaa mfukoni. Soma kwanza nyuma ya rauta yako inataka volti ngapi. Nyingi ni 12, nyingine ni 9. Ukiichomeka 12 kwenye ya 9 utanuka moshi. Na kama kiboksi cha faiba ni cha peke yake, nacho kinahitaji umeme wake, usisahau. Watu wengi wanaiwasha rauta wanaacha kiboksi kimekufa, halafu wanatukana kampuni.

---

Chuma cha Segerea

Wakuu, uzi huu ni wa STOO.

---

Dada Zuu

Mzee wa Koili, hizo UPS Kariakoo zinapatikana mtaa gani? Na zinakaa saa ngapi?

---

Hesabu Kali

Usinunue Kariakoo kabla hujaiona inawaka! Mimi niliuziwa ndani yake kuna mchanga. Nimefungua kwa bisibisi nikakuta betri ndogo ya simu na mchanga wa kuongeza uzito. Naanzisha uzi wake sasa hivi, picha ninazo.

---

Bibie wa Kigamboni

Anzisha, tunakuja.