Kujitolea Unguja na Pemba: Msalaba Mwekundu, nyumba za wazee, msaada wa sheria au kamati za bahari, wapi muda wangu utafaa zaidi?

BintiMtambwe

Assalamu aleikum ndugu zangu. Nimemaliza chuo mwezi wa saba, kazi bado naitafuta, na hata nikiipata sitaki kuliacha hili ninalotaka kulianza sasa. Nina Jumaamosi nzima na jioni mbili za wiki. Kwetu ni Mtambwe, ila nakaa kwa mama mdogo Kwamtipura, na kila miezi miwili au mitatu navuka kwenda Pemba.

Sababu yangu ni hii. Mwaka jana dada yangu alijifungua kwa upasuaji akatakiwa damu. Ndugu wanne tulipimwa, watatu hatukufaa. Chupa ya pili ilitoka kwa mtu aliyechangia bila ya kujua itamfikia nani. Dada yuko hai, mtoto anatambaa, na mimi tangu siku ile nahisi nna deni kwa mtu nisiyemjua.

Nimefikiria Msalaba Mwekundu, nyumba za wazee au za watoto, usaidizi wa sheria, na hizi kazi za bahari na mikoko kule kwetu. Naomba wanijibu waliofanya, siyo waliohadithiwa. Wapi mtu anafundishwa kitu? Wapi nauli itanimaliza? Na wapi nisipokwenda wiki moja pataonekana pengo?

Nanga

Wa aleikum salaam mdogo wangu. Mie ni wa Msalaba Mwekundu, na nitakwambia nilivyoingia maana ndiyo itakayokuonesha kazi yenyewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Nilikuwa na binamu yangu niliyedhani yumo. Nikaenda viwanja vya Maisara, pale walipokuwa wakiletwa maiti watambuliwe. Nikawaona vijana wa rika langu wakiandika majina, wakiwashika mikono kina mama kabla hawajaingia kwenye hema na wakitoka. Binamu hakupanda meli ile, alhamdulillah. Lakini nilirudi nyumbani nikijiuliza mbona nilisimama tu siku nzima na mikono yangu miwili.

Nikajiandikisha, nikafunzwa. Julai 2012 ikazama meli ya Skagit karibu na Chumbe, ikitokea Dar es Salaam. Safari hii na mie nilikuwa katika wale wanaoshika mikono.

Kuhusu mafunzo, hapa sioni pa kulinganisha. Utajua kumlaza ubavu aliyezimia, kubana jeraha linalovuja, kufunga mfupa uliovunjika kwa kipande cha ubao na kanga. Utajua kwamba mtu aliyezama maji habinuliwi kichwa chini akakamuliwa tumbo kama tulivyozoea kuona ufukweni. Asiyepumua anapuliziwa pumzi na kubonyezwa kifua, na kila dakika mnayompoteza kumpindua ni dakika ya ubongo wake. Kwa watu wa visiwani elimu hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu ajiunge.

Ila suali lako la tatu ni zuri na sitalikwepa. Kuna miezi hapana linalokuhitaji. Mnakutana, mnafanya mazoezi, mnarudi. Halafu inakuja masika, nyumba zinajaa maji, au kipindupindu kinaingia, mnapita nyumba kwa nyumba mkieleza dawa ya maji na kunawa mikono, na wiki tatu hujui Jumaamosi ni ipi. Mwenye kutaka ratiba hapo atapata tabu.

MamaWatatu

Mwanangu, mie nakwenda nyumba za wazee Sebleni, miaka mingi sasa. Ziko na Welezo, na kwenu Pemba ziko Limbani, Wete.

Watu wanakwenda, usidhani hawaendi. Ramadhani utakuta foleni ya masufuria ya futari na wenye kamera. Sikukuu ikimalizika, mlango unafungwa mpaka mwakani. Mzee wa watu mwezi wa Mfunguo Nne, wa nne baada ya Ramadhani, hana wa kumkata kucha. Hana wa kumtia uzi kwenye sindano, wa kumsomea karatasi ya hospitali, wa kukaa naye wakati anasubiri dawa. Kazi zote hizo hazina gharama, zinataka mtu yule yule arudi tena. Pensheni ya wazee waliotimia miaka 70 ilipoanza 2016 nilikuwa na bibi mmoja akiniuliza kila Jumaamosi fedha yake imefika au bado, na hakuwa akiulizia fedha. Alikuwa akitafuta la kuniwekea nisiondoke haraka.

Kuhusu nyumba za watoto nitasema kwa uchungu. Usiende kwa mwezi mmoja. Wageni huja wiki mbili, wanawabeba, wanacheza nao, wanapiga picha, wanapanda ndege. Mtoto aliyekwisha achwa na wake anaachwa tena na huyu, na yule, mpaka akiona mgeni hana furaha wala hana habari. Kama ni watoto, jifunge mwaka mzima, wafundishe hesabu au Kiingereza siku ile ile saa ile ile. Huwezi mwaka, njoo kwetu kwa wazee. Kwa wazee hata mwezi una maana ukiwaambia mapema kuwa ni mwezi.

Kutoka Kwamtipura mpaka Sebleni unatembea kwa miguu. Nauli ishakwisha hiyo.

KijanaWaJangombe

Kabla hujachagua kazi angalia nani anakuita. Mie niliingia jumuiya moja, sitaitaja. Siku ya kwanza fulana, bango, picha ufukweni na mifuko ya taka. Siku ya pili hapana simu. Mwezi wa tatu nikaona picha zetu kwenye ripoti kuwa tunafanya kazi kila wiki. Tulikuwa vijana kumi na nane, sasa ukimwambia mmoja wetu neno kujitolea anakutazama tu, hakujibu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko zile picha.

Basi uliza. Jumuiya za hapa zinasajiliwa kisheria kwa Mrajis, kwa hiyo cheti kipo na katiba ipo, waombe uione. Mkutano mkuu wa mwisho ulikuwa lini, hesabu zilisomwa? Na kubwa zaidi: yuko wapi aliyekuwa akijitolea mwaka jana? Wakikuletea watatu ukazungumza nao, ingia. Wakikuletea picha, shukuru uondoke.

Kadhia

Mie ni msaidizi wa sheria, jimbo la vijijini Unguja. Nilipitia mafunzo ya Kituo cha Huduma za Sheria, hiki alichokianzisha marehemu Profesa Haroub Othman na wenzake 1992. Yalinichukua miaka miwili, siyo semina ya siku mbili. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wengi huacha njiani.

Kazi yenyewe ni barazani kwangu. Anakuja mama saa kumi na moja jioni, ameachwa kwa maneno, hana karatasi, ana watoto watatu na baba hatoi matunzo. Hajui aanzie kwa sheha, yule kiongozi wa mtaa, au polisi au Mahkama ya Kadhi. Namwandikia tarehe na maelezo yake kwa mpango, namwambia aende wapi na achukue nini, mara nyingine namsindikiza. Mirathi ndiyo mengi: shamba la mikarafuu la babu halikugaiwa, wajukuu sasa wako arobaini, mmoja keshauza. Na kesi za udhalilishaji, ambazo familia hutaka kuzimaliza chumbani. Hapo ndipo msaidizi anapopimwa, maana mtu anayekuomba unyamaze huwa ni mjomba wako.

Mipaka ipo. Sisi si mawakili, hatusimami mahkamani kumtetea mtu. Tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2018 tumetambuliwa rasmi, na hiyo imetusaidia, zamani polisi wengine walikuwa wakituuliza wewe nani.

Mshahara hapana. Kwa pengo kuonekana, hakuna mfano. Nikisafiri wiki moja, nikirudi nakuta mtu kanisubiri wiki nzima na tatizo lake. Binti, kama hujui mwakani utakuwa wapi, usianze na hili. Anayekuhadithia siri za nyumba yake hawezi kuzihadithia upya kwa kila anayekuja.

BintiMtambwe

Kaka Kadhia, shukran. Hilo la mjomba limenigusa. Nakubali siko tayari, kazi ikipatikana Dar nitaondoka. Je, Pemba? Mbona watu wa bahari kimya?

MpembaAsilia

Watu wa bahari walikuwa baharini, ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana.

Mie niko Kisiwa Panza. Sisi tulifunga mwamba kwa ajili ya pweza, yaani hapavuliwi, miezi mitatu mitatu. Pweza anakua kwa kasi sana na umri wake haufiki mbali, ni mwaka na kidogo, kwa hiyo ukimwacha miezi mitatu tu unamkuta mwingine kabisa kwa uzito. Kina mama waliokuwa wakirudi na vipweza vya kiganja wakaanza kurudi na wa kubeba begani. Mwambao, jumuiya inayosaidia vijiji vya pwani, walikuja na utaalamu, lakini walinzi ni sisi, kamati ya wavuvi ya shehia. Doria ya usiku, chombo cha mtu, mafuta ya kuchangizana. Na ugomvi na wavuvi wa dago, wale wanaotoka mbali wakapiga kambi, wasiojua, au wanaojua na wanakuja.

Sasa binti, nitakwambia kweli kama ndugu. Mtu wa Jumaamosi kutoka mjini hatufai kwa doria. Bahari haina Jumaamosi, ina bamvua na maji mafu. Tunachokosa ni mtu wa kuandika. Siku ya kufungua mwamba pweza hupimwa mmoja mmoja, uzito, dume au jike, na daftari zetu zimejaa maji ya chumvi na hesabu hazijajumlishwa. Mtu aliyesoma chuo akija siku tatu kila ufunguzi, akazijumlisha, akatusomea mkutanoni, tutaweza kumjibu anayesema kufunga hakuna faida.

Mikoko nayo msidanganyike na idadi ya miche. Watu huja na lori, wanapanda elfu kadhaa kwa asubuhi moja, mkoko pahala pa mchu, ambao ni aina nyengine na una pahala pake, na maji ya kwanza makubwa yanachukua yote. Ukipanda, rudi ukahesabu iliyosimama. Maji ya chumvi yanaingia kwenye mabonde ya mpunga, kwetu hili ni suala la chakula.

MkaaBarazani

Nawasoma nyote nasikitika kidogo. Kwani lazima jumuiya? Wazee wetu walikuwa na msaragambo, sheha anaita, mtu anakuja na jembe lake, njia inachimbwa, skuli inasimama. Nenda kwa sheha wako Kwamtipura umuulize kuna nini.

MamaWatatu

Baba, msaragambo ni mzuri kwa kazi ya siku moja. Kumkata mzee kucha kila wiki hakuitiwi msaragambo.

MkaaBarazani

Hapo umenishinda bibi. Lakini Tucheze Tujifunze je? Vituo vile vya watoto wadogo vilianza na redio chini ya mwembe, mwalimu ni binti wa kijiji hicho hicho anayejitolea. Watoto wangapi wamejua kusoma herufi kwa yule binti. Hiyo ni ya shehia, na ni ya kila siku.

Nanga

Kweli kabisa, na ningeongeza kwamba mabinti wale wanachoka kwa sababu wazazi wanaahidi mchango mdogo wa mwezi na hawatoi. Mwenye nafasi akamchangie mwalimu wa kituo cha mtaani kwake kabla ya kutafuta pengine.

TabibuWaKesho

Nimeshangaa hakuna aliyetaja damu, na ndiyo iliyomleta mwenye mada. Mwanamke mzima mwenye afya, kilo 50 kwenda juu, anachangia kila miezi minne, mwanamme kila mitatu. Ni saa moja ya asubuhi. Ramadhani watu hawachangii mchana na akiba inashuka, wakati wenye seli mundu na wanaojifungua hawapumziki kwa mwezi wowote. Hii haishindani na nyengine hata moja mlizotaja. Na kama wewe mwenyewe hukufaa, chukua watu watano mtaani uwapeleke. Kuna watu wanaogopa kwenda peke yao tu.

BintiMtambwe

Nimesoma yote mara mbili, na mama mdogo nimemsomea.

Mimi ni mmoja wa wale watatu waliokataliwa, damu yangu ilikuwa pungufu. Nimeshaambiwa nitibiwe kisha nirudi kupimwa. Kwa hiyo kaka Tabibu, nimeanza na majirani. Wanne wamekubali, wa tano anaogopa sindano.

Usaidizi wa sheria nimeuweka mpaka nijue nitaishi wapi. Watoto vile vile, siwezi kuahidi mwaka. Msalaba Mwekundu nitaomba mafunzo ya huduma ya kwanza, kwa sababu kila nikivuka kwenda Pemba nimo melini na sijui hata moja katika hayo aliyoyasema kaka Nanga.

Jumaamosi zangu nazileta Sebleni. Bibi MamaWatatu, naomba nikufuate wiki hii, na nitawaambia wazee tangu siku ya kwanza kwamba nina miezi sita ya uhakika.

Na MpembaAsilia, kujumlisha najua, ndiyo niliyosomea. Mwamba unafunguliwa lini?

MpembaAsilia

Bamvua ya mwezi ujao. Siku tatu. Utalala kwetu na wanangu wa kike. Njoo na viatu vya kukanyagia mwamba, na kalamu ya risasi, wino wetu huyeyuka.

MamaWatatu

Saa mbili asubuhi, mlango mkubwa. Njoo na mkasi wa kucha.