Mjadala: Tunahubiriwa wokovu au tunapewa semina ya malengo?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi na bila kutajana makanisa.

Jumapili mbili zilizopita nilikwenda ibadani na mama mdogo, aliyekuja Dar kutoka Muleba kutibiwa macho. Somo la siku lilikuwa "Kanuni Saba za Kuwa Toleo Bora la Wewe". Amka saa kumi alfajiri, andika malengo, achana na marafiki wanaokurudisha nyuma, uwe na mpango wa miaka mitano. Mchungaji anajua kuongea, tulicheka, tukaandika. Nyumbani nikafungua daftari: kurasa mbili na nusu, jina la Yesu halimo hata mara moja. Inawezekana alilitaja nikapitiwa, lakini msalaba siwezi kuukosa.

Nikamuuliza mama mdogo ameyaonaje mahubiri. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. "Kijana anaongea vizuri. Ila mimi nina miaka 79, huo mpango wa miaka mitano ananipangia wa nini?"

Nilicheka. Usiku sikucheka tena.

Mama mdogo ni mtoto wa Uamsho. Kwa msioufahamu, ni ule moto wa kiroho uliowaka kwa Wakristo wa Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ukatufikia na sisi Kagera. Watu wale walipotoa ushuhuda waliitaja dhambi kwa jina lake. Baba yake alikuwa akichanganya kokoto kwenye gunia la kahawa ili uzito upande. Alipookoka alikwenda mwenyewe kwa mnunuzi, akasema mbele ya foleni nzima, akalipa kwa mbuzi. Hakuwa amehudhuria semina ya uadilifu katika biashara. Ni kama Zakayo: Yesu aliingia kwanza nyumbani kwake, ndipo akaahidi kurudisha mara nne alivyodhulumu. Mabadiliko yapo, tena makubwa, ila yalikuja nyuma ya neema. Sisi tumeyatanguliza mbele, na neema tumeifanya zawadi ya waliofaulu.

Angalieni ushuhuda wa siku hizi. Unaanzia kwenye hati ya kiwanja. Rafiki yangu duka lake lilikufa, wale wakopeshaji wa kausha damu wakabeba friji na makochi mchana kweupe, majirani wakitazama. Akaacha kuja kanisani. Nilipomfuata aliniuliza, "Nije kushuhudia nini?" Nilikunywa chai yake nikaondoka. Mpaka leo sijampa jibu, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika hapa.

Najua mtakayosema. Vijana hawana ajira, wanazama kwenye madeni, mchungaji anyamaze? Hapana. Hata wamisionari walitujengea shule na kutufundisha useremala. Mkiitisha semina ya bajeti Jumamosi nitakuja, na kiingilio nitalipa. Ugomvi wangu ni wa Jumapili, pale madhabahuni, kinapoitwa Habari Njema kitu ambacho ungeweza kukisema kwenye ukumbi wa benki bila kubadilisha neno.

Tena msilichanganye na injili ya mafanikio, ile ya mafuta na kupanda mbegu. Ile naipinga pia, lakini angalau bado inamsubiri Mungu atende kitu. Hii mpya haimhitaji. Ukifaulu ni nidhamu yako, ukianguka ni uzembe wako, na hakuna pa kuupeleka huo uzembe.

Kuna atakayeniletea Wafilipi 2:12, "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka". Sawa, ila asiishie hapo. Mstari wa 13 unasema ni Mungu atendaye kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu.

Na ubishi huu wala haukuanza na vipaza sauti vya Dar. Pelagio, mwalimu wa Kikristo wa karne ya tano, alifundisha kwamba mtu anaweza kuishi bila dhambi kwa kuamua tu. Akapingwa na Agostino, askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzetu, huko Algeria ya leo, na mwaka 418 maaskofu waliokutana Carthage wakayakataa mafundisho hayo. Nisimwonee Pelagio, hakuwa tapeli. Alichoshwa na Wakristo walegevu waliojificha nyuma ya neema. Hapo hata mchungaji wangu namwelewa, maana walegevu tupo.

Nikiri na hili, nisije nikaonekana nauabudu Uamsho. Nao ulizaa kanuni zake. Kule Uganda lilitokea kundi la waliojiita walioamka tena, likafika kukataza kukopa na hata kufuga mbwa. Kwa hiyo mtego huu haungoji suti na projekta.

Sasa wachungaji na wazee wa kanisa mliomo humu, sitaki mnieleze tofauti ya kuhesabiwa haki na kutakaswa, hiyo nilifundishwa kipaimara. Niambieni hiki tu: kanisani kwenu, mtu aliyefilisika akiomba kushuhudia Jumapili hii, bado hajainuka na hana tarehe ya kuinuka, atapewa maiki?