Fedha za kuhimiza mazoezi zihamishiwe kwenye utengamao? Karibuni tujadili

Mleta mada

Wakuu, naiweka hoja yangu wazi tangu mwanzo ili mwenye kuipinga aipinge ilivyo. Naona sehemu kubwa ya fedha za umma zinazotumika kuwahimiza watu wafanye mazoezi, yaani mabango, matangazo ya redio na matembezi ya siku moja yenye fulana na hotuba, ihamishiwe kwenye huduma za utengamao: mazoezi tiba, vifaa saidizi, kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake, pamoja na utafiti wa mambo hayo.

Sababu ya kwanza ni matokeo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua mpango wa kupunguza tatizo la watu kutoushughulisha mwili kwa asilimia 15 ifikapo 2030. Takwimu zilizotolewa 2024 zikaonyesha kuwa mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, takriban watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango kinachoshauriwa cha angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi mazito. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 26. Tukienda hivi, 2030 watakuwa asilimia 35. Tulilenga kushuka, tumepanda, na matangazo yalikuwepo muda wote huo.

Sababu ya pili ni wale tuliowaacha nyuma. Makadirio ya mwaka 2019 yanasema watu bilioni 2.4 wanaishi na hali ya kiafya ambayo utengamao ungewasaidia, karibu mtu mmoja kati ya watatu. Kuna nchi za kipato cha chini na cha kati ambako wataalamu wa fani hii hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Mtu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi anaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na karatasi yenye michoro ya mazoezi, basi, imeishia hapo. Mei 2023 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya. Azimio tunalo, fedha ndiyo hatuioni.

Mtafiti wa afya ya jamii

Mkuu, naomba nitofautiane nawe, na kwa uzito kabisa.

Elimu yote hii ya mazoezi na moyo ilianzia kwenye kinga. Mwaka 1953 mtafiti wa afya Jerry Morris na wenzake waliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva anashinda ameketi, kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa nzima. Makondakta waliugua ugonjwa wa moyo mara chache zaidi, na wale waliougua, kwa wengi ulikuja na ukali mdogo. Baadaye Geoffrey Rose, daktari na mtafiti wa Uingereza, akatufundisha jambo ambalo wanasiasa hawapendi kulisikia: wagonjwa wengi hutoka kwa watu wengi wenye hatari ndogo, si kwa wachache wenye hatari kubwa. Ukingoja mtu augue ndipo umhudumie, umeshawaacha walio wengi.

Na ushahidi hauishii kwenye kutazama tu. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa 2002, ulikuwa na washiriki 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliobadili ulaji na kufanya mazoezi walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, waliopewa dawa ya metformini kwa asilimia 31. Kule Da Qing, China, walianza 1986, na miaka 30 baadaye waliopitia mpango ule walikuwa wamechelewesha kisukari kwa takriban miaka minne, na matukio ya magonjwa ya moyo na mishipa yalikuwa machache kwao. Ukikata fedha za kinga leo, foleni ya utengamao unayoililia ndiyo itakayorefuka.

Mleta mada

Nashukuru kwa kuleta utafiti wenyewe. Sasa tuuangalie kwa ndani. Wale wa 2002 walipewa nini? Kila mshiriki alikuwa na mshauri wake. Walikutana mara 16 katika wiki 24 za mwanzo, wakalenga kupunguza asilimia 7 ya uzito, na mshauri akiwafuatilia mmoja mmoja. Hilo si bango. Ni mtu anayekujua jina, anayeuliza goti linaendeleaje, anayebadilisha zoezi likikushinda. Kazi hiyohiyo ndiyo inayofanyika kwenye utengamao. Mfano wako unaunga mkono hoja yangu.

Kuhusu mabasi, Morris na wenzake wenyewe walirudi wakaangalia sare. Madereva walivaa suruali za kiuno kipana kuliko makondakta wa umri uleule. Kwa hiyo huenda walitofautiana hata kabla ya ngazi kufanya kazi yake. Namheshimu sana kwa kulitangaza hilo mwenyewe, na ndiyo sababu siwezi kujenga bajeti nzima juu ya makondakta.

Mbeba mizigo

Mimi si msomi wa afya, ila nina swali kwenu wote wawili. Nabeba magunia tangu asubuhi hadi jioni. Tangazo linaniambia nisogeze mwili. Je, lilitungwa likinifikiria mimi?

Mtaalamu wa mazoezi tiba

Ndugu yangu mbeba mizigo, nianze na wewe, kwa sababu umegusa penye utata halisi. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa kazi nzito ya kutwa haileti faida ileile inayoletwa na mazoezi ya wakati wa mapumziko, na kwa wanaume baadhi ya matokeo yanaonyesha hata vifo vingi zaidi. Wapo wanaosema sababu ni kazi yenyewe: mgongo umeinama saa nyingi, mapigo ya moyo yako juu kutwa, mwili haupati nafasi ya kupumzika. Wengine wanasema ni umaskini na sigara vinavyoandamana na kazi hizo. Vyovyote iwavyo, ushauri wa "jishughulishe zaidi" haukufai. Unachohitaji ni mapumziko katikati ya kazi, namna salama ya kunyanyua, na mtu wa kuutazama mgongo wako kabla haujaharibika.

Sasa mleta mada. Nafurahi umeitetea fani yangu, lakini usiichukulie kana kwamba ni suala la kuongeza mazoezi tu. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao AVERT, wenye wagonjwa wa kiharusi 2,104 katika nchi tano. Kundi moja lilianza kutolewa kitandani ndani ya saa 24, mapema zaidi, mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko kawaida. Wengi wetu tulitarajia wapone vizuri zaidi. Ikawa kinyume: baada ya miezi mitatu, waliofikia hali nzuri walikuwa wachache kuliko kundi la huduma ya kawaida. Kipimo na wakati ni sehemu ya tiba, kama ilivyo kwa dawa yoyote.

Niwape picha ya kazi yenyewe. Namfundisha mgonjwa wa kiharusi kusimama kutoka kwenye kiti. Nyayo zirudi nyuma ya magoti, makalio yasogee ukingoni mwa kiti, kifua kiende mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume. Ndugu zake, kwa huruma, wanataka kumvuta kwa mkono uliolegea. Nawazuia kila mara, maana bega ambalo misuli yake imelegea linaweza kuteguka kwa mvuto huo, na maumivu yake humkalia muda mrefu. Bango halitamfundisha mtu hili. Karatasi ya michoro pia haitoshi, hilo nakuunga mkono kwa moyo wote.

Mtafiti wa afya ya jamii

Nakubali mabango ni dhaifu, sikuyatetea tangu mwanzo. Ninachokataa ni kuifanya kinga yote iwe mabango. Njia ya miguu yenye taa, barabara ambayo mtoto anaweza kuivuka akiwa hai, kipindi cha michezo shuleni kisichoporwa na hesabu: hivyo ndivyo vinavyomfanya mtu atembee bila kuambiwa. Asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 wanaosoma hawafikii saa moja ya shughuli za mwili kwa siku. Hao huwezi kuwapelekea wataalamu wa mazoezi tiba mmoja mmoja.

Halafu kuna wazee. Mazoezi ya kusimama bila kuyumba na ya nguvu za miguu hupunguza kuanguka kwa takriban robo, na ushahidi wake unatoka kwenye majaribio mengi, si moja. Hiyo ni kinga au utengamao? Kwenye fomu za bajeti lazima uchague kisanduku kimoja, na mara nyingi mzee huyo hukosa kotekote, kwa sababu hajaugua vya kutosha kuwa mgonjwa na si kijana wa kuwekwa kwenye tangazo.

Mleta mada

Hapo tumekaribiana, basi niseme ninaposimamia. Njia za miguu na vipindi vya michezo visiguswe. Fedha za matangazo na sherehe zihame. Na zikihama, zisipimwe kwa idadi ya "waliofikiwa", neno ambalo huhesabu hata mtu aliyepita kando ya bango akiwa amesinzia ndani ya gari. Tupime nani anasimama kutoka kitini bila kushikwa baada ya miezi mitatu, nani amerudi kazini, nani hajaanguka.

Swali langu kwa mtaalamu: eneo lina mtu mmoja tu wa fani yako. Mlangoni yupo aliyepata kiharusi wiki mbili zilizopita, na mzee ambaye bado hajaanguka. Unaanza na nani?

Mtaalamu wa mazoezi tiba

Wa kiharusi. Sehemu kubwa ya nafuu huja katika miezi mitatu ya mwanzo, na nikimkosea bega au mguu sasa, kulirekebisha baadaye ni kazi kubwa. Yule mzee simfukuzi. Mazoezi yake yanaweza kuongozwa kwa kundi la watu kumi au zaidi na mhudumu wa jamii niliyemfundisha, nami nikawapitia kila baada ya muda. Ila mhudumu huyo alipwe. Mipango mingi inamtegemea afanye kazi hii kwa kujitolea, na anapochoka kundi zima linakufa. Kama kuna fedha za fulana zinazotafuta pa kwenda, zianzie kwake.

Mtafiti, wewe ungeanza na nani?