Mjadala: Ruzuku ya mbolea ifike na zizini

Ndugu wakulima, kila msimu narudia kusikia kwamba samadi ya kuku imeizidi ya ng'ombe na mboji, basi anayetaka kufufua udongo anunue ya kuku. Mimi napinga.

Kwa mchicha na sukuma wiki sina ubishi: ya kuku ina nguvu na hufanya kazi upesi. Ila nyingi inayouzwa ni maranda yaliyochanganyika na kinyesi. Ukiyafukia kabla hayajaoza, vijidudu vya udongo hugombania naitrojeni na mimea, na majani yanageuka njano ilhali umeshalipia gari.

Samadi ya ng'ombe tunaidharau baada ya kuiharibu wenyewe. Karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe, na sehemu kubwa ya potasiamu, imo kwenye mkojo. Zizi lisilo na sakafu linaunywa. Kinachobaki kinaanikwa juani, kinapigwa mvua, halafu tunasema haina kitu! Ile harufu kali inayowasha macho ni naitrojeni inapotea hewani. Sakafu ngumu yenye mteremko, mabua makavu ya kunyonya mkojo, lundo lililofunikwa kivulini. Hapo ndipo ulinganishe na ya kuku.

Tupige hesabu pia. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Samadi kavu yenye naitrojeni asilimia 1 itabidi ifike kilo 2,300 ili ilingane nao, na si yote itakayotumika msimu huohuo. Nani ataibeba? Kilimanjaro, samadi huishia kwenye migomba na kahawa ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, jirani na banda, na shamba la mahindi la tambarare linaambulia patupu. Kwa shamba la mbali nachagua marejea, mmea wa jamii ya kunde: inaota, inafukiwa palepale. Naitrojeni inaivuta hewani, fosforasi haiwezi, kwa hiyo Minjingu, mbolea ya fosfeti, bado inahitajika.

Ruzuku ya Tanzania iliyoanza msimu wa 2022/2023 imeelekezwa zaidi kwenye mifuko ya dukani. Siombi ifutwe. Naomba sehemu yake ijenge sakafu za mazizi.

Mnaopinga, nijibuni hili: mwenye ng'ombe wawili na ekari moja, umpe nafuu ya bei ya mfuko kila mwaka au sakafu ya kudumu, kipi kitaacha udongo wake na rutuba zaidi baada ya misimu mitano?