MJADALA: Risasi ikilia katikati ya Chicago meya anaamka, ikilia Englewood inasubiri hesabu ya wikiendi. Hii ni haki kweli?

Wadau, naomba tulijadili hili taratibu maana mimi linaniuma.

Chukueni mwaka 2022. Tarehe 14 Mei, Jumamosi jioni, kijana wa miaka 16 anapigwa risasi na kufa Millennium Park, pale katikati ya jiji la Chicago karibu na lile dubwana la chuma linalong'aa ambalo kila mtalii anapigia picha. Kesho yake tu meya wa wakati ule, Lori Lightfoot, akatangaza watoto wasio na mtu mzima marufuku kuonekana pale bustanini kuanzia saa 12 jioni, Alhamisi mpaka Jumapili, halafu siku iliyofuata muda wa watoto kuwa nje wikiendi jiji zima ukarudishwa kutoka saa 5 usiku hadi saa 4. Siku mbili! Kama amri ile ilikuwa nzuri au mbaya sitaki kuingia huko leo, naongelea spidi. Vijana wa umri ule ule walikuwa wanauawa Englewood, Austin, North Lawndale, West Garfield Park, mitaa ya kusini na magharibi mwa jiji wanakoishi Weusi wengi, na sijaona damu ya huko ikimtoa kiongozi na amri mkononi ndani ya siku mbili.

Miezi haijapita miwili, tarehe 4 Julai, mtu anapanda juu ya paa na kumimina risasi kwenye maandamano ya sikukuu kule Highland Park, mji wa watu wenye uwezo kaskazini mwa Chicago. Watu 7 wakafa. Dunia nzima ilijua, na ilistahili kujua, msinielewe vibaya, ule ni unyama. Lakini wikiendi hiyo hiyo ndani ya Chicago yenyewe watu zaidi ya 60 walipigwa risasi, sasa niambieni nani kati yenu anakumbuka hata mtaa mmoja. Januari 2023 jimbo la Illinois, ndiko iliko Chicago, likapitisha sheria ya kuzuia bunduki za kivita. Niwe mkweli, sheria ile iligusa pia vile vidude vya kufanya bastola ifyatue mfululizo, kitu ambacho mitaa ya kusini na magharibi ilikuwa inakililia. Ila kilichowasukuma wakubwa mpaka wakaweka saini ni Highland Park, na bastola ndiyo inayoua wengi Chicago miaka nenda rudi.

Sasa hapa ndipo mimi natofautiana na wengi wanaosema eti kusini mwa Chicago kumesahauliwa. Hapana jamani, hakujasahauliwa hata kidogo. Mtu ambaye hajui Chicago iko upande gani wa ramani anajua kwamba "kule wanauana". Kunatajwa kila Jumatatu asubuhi: wikiendi imeisha, waliopigwa risasi kadhaa, waliokufa kadhaa, tugeukie hali ya hewa. Wanasiasa nao wanaitumia hesabu hiyo wanavyotaka, Trump mwaka 2025 alikuwa anaitaja Chicago kama sababu ya kupeleka wanajeshi wa National Guard, wakati mauaji yalishashuka, kutoka karibu 800 mwaka 2021 mpaka chini ya 600 mwaka 2024. Kwa hiyo macho yapo. Kinachokosekana ni mtu. Mtaa unajulikana, marehemu hajulikani. Kuna watafiti walichukua mauaji yote ya Chicago ya mwaka 2016, mwaka ambao yalizidi 750, wakafuatilia kila marehemu aliandikwaje kwenye habari, wakakuta waliouawa kwenye mitaa ya Weusi wanaandikwa mara chache zaidi na wanaelezewa kidogo zaidi kama binadamu wenye familia na maisha yao. Yaani umekufa, na bado unaambiwa hukuwa na habari.

Kuna hoja naziona zikirudi rudi kila hili likizungumzwa, ngoja nizijibu kabla hamjanijia juu.

Ya kwanza, kwamba habari ni jambo la ajabu, mauaji ya kila siku hayawezi kuwa kichwa cha habari kila siku. Naielewa, mhariri ana kurasa chache na waandishi wachache. Lakini hiyo hoja ukiifuata mpaka mwisho inakuambia kwamba kadiri mtaa unavyoumia zaidi ndivyo unavyostahili kusikilizwa kidogo zaidi, na mimi hapo nashindwa kumeza.

Ya pili ndiyo inanikera hasa, ile ya "ni magenge, wanauana wenyewe". Kwanza si kweli kwamba kila aliyepigwa alikuwa kwenye genge. Hadiya Pendleton alikuwa na miaka 15, mwanafunzi, wiki moja tu tangu acheze na wenzake wa shule kwenye sherehe za kuapishwa Obama, akapigwa risasi tarehe 29 Januari 2013 akiwa amejikinga mvua na marafiki zake kwenye bustani mtaa wa Kenwood. Michelle Obama alikwenda kwenye mazishi, Obama akamtaja bungeni, rafiki zake wakaanza kuvaa rangi ya chungwa kumkumbuka na siku hizi inavaliwa Marekani nzima mwanzoni mwa Juni. Angalieni lakini mlango aliopitia kuingia kwenye macho ya watu: ilibidi awe amecheza kwenye sherehe za rais. Watoto wangapi walikufa mwezi ule bila kucheza mbele ya mtu yeyote? Na hata huyo aliyekuwa kwenye genge, ana mama, na aliyemuua bado anatembea mtaani na bastola ile ile. Kwa miaka mingi Chicago kesi za watu waliopigwa risasi wakapona ni chache sana ndizo zilizofikia mtu kukamatwa. Mtaa ukishaona hivyo watu wanaacha kuongea na polisi, wengine wanaamua kulipiza wenyewe, mzunguko unaendelea.

Mtu ataniuliza, sawa, lakini kuandikwa gazetini kunamsaidia nini aliyekufa? Hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo, maana macho ya watu yanageuka kuwa vitu. Hela, wapelelezi, hospitali.

Chukueni habari ya trauma senta, yaani kile kitengo cha hospitali kinachopokea majeruhi wa risasi na ajali kubwa saa 24 kikiwa na madaktari bingwa tayari. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Chicago ilikifunga chake cha watu wazima mwaka 1988, hospitali nyingine ya kusini, Michael Reese, ikafunga chake 1991, na kuanzia hapo upande wote wa kusini, ule ule wenye risasi nyingi, ukakaa bila trauma senta ya watu wazima. Mwaka 2010 kijana wa miaka 18, mwanaharakati wa mtaani, anapigwa na risasi zilizofyatuliwa kutoka kwenye gari ambazo wala hazikumlenga yeye, mitaa michache tu kutoka hospitali hiyo kubwa ya chuo, na ambulensi inalazimika kumkimbiza karibu maili 10 mpaka hospitali ya katikati ya jiji. Akafa. Wenzake, vijana wadogo, wakaandamana miaka, wakakamatwa, wakalala chini barabarani, wakaambiwa hela hakuna. Mwaka 2013 ukatoka utafiti uliofanyika Chicago hapo hapo ukionyesha kwamba aliyepigwa risasi zaidi ya maili 5 kutoka trauma senta ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa. Kitengo kikaja kufunguliwa tarehe 1 Mei 2018. Piga hesabu, miaka 27 tangu 1991.

Linganisheni na siku mbili za Millennium Park. Hiyo tofauti ya siku mbili na miaka 27 ndiyo ninayoiita mgawanyo wa macho, na watu wamekufa ndani yake, kwenye ambulensi, njiani.

Wakazi wenyewe wanalijua hili kuliko sisi sote. Julai 2018 Padri Michael Pfleger wa kanisa la St. Sabina, kusini mwa Chicago, aliwaongoza maelfu ya watu kupinga mauaji ya risasi, wakaingia kwenye barabara kuu ya Dan Ryan kwa miguu, magari yakasimama. Mwezi uliofuata kundi jingine likaenda kuandamana kaskazini, barabara ya Lake Shore Drive mpaka uwanja wa besiboli wa Wrigley Field, makusudi kabisa kuwapelekea wenye nacho mlangoni kitu ambacho huwa wanakisikia kwa mbali tu. Wapo waliokasirika kwamba foleni imewachelewesha. Mimi nawaelewa waandamanaji, kwa sababu kama kitu pekee kinachohesabika ni mahali damu ilipomwagika basi lazima ukapige kelele mahali hapo.

Mimi napendekeza nini? Kuna kitu kilishafanyika. Mwaka 2007 mwandishi Jill Leovy wa gazeti la Los Angeles Times alianza kuandika kila mauaji ya wilaya yake, kila moja bila kuchagua, jina, umri, mahali. Mwaka 2010 Laura Amico akaanzisha kazi kama hiyo Washington na kufuatilia kesi mpaka mwisho. Ndugu wa marehemu wakawa wanakuja wanaandika hapo chini ya jina, mwaka wa kwanza, wa pili, siku ya kuzaliwa. Ile ya Washington ilikuja kufungwa baada ya miaka michache, kazi ya namna hii inakula watu na hela. Lakini naona huo ndio usawa ninaoutaka: kila mtu mistari ile ile, na baada ya miezi sita mtu arudi aulize, aliyemuua kakamatwa au bado?

Kuna kitu kimoja hapo sijakipatia jibu na ndicho nataka mnisaidie. Familia nyingine hazitaki jina litoke. Mdogo wake marehemu bado anapita njia ile ile kwenda shule, aliyefyatua risasi anamjua, na jina likitoka na mtaa ukitajwa unaweza kuwa unamwonyesha njia. Sasa tukisema kila marehemu aandikwe, huyo mama anayesema "mwacheni mwanangu apumzike, nisije nikampoteza na huyu mwingine" tunamjibu nini? Mimi naona neno lake liwe la mwisho, jina lisitoke, ila polisi na meya waulizwe kuhusu kesi ile ile kwa namba yake mpaka wajibu. Wenzangu mnasemaje?