Tupeane uzoefu: sakafu ya vinaili iliyong'aa siku ya kukabidhiwa, sasa inainuka

Mzee wa Ndeeba
Mvua za Machi zimeanza na maswali yameanza nayo. Tukusanye hapa vyanzo na dawa. Nazungumzia mbao za vinaili: zile za kliki, zinazofungana kwa ulimi na mfereji (SPC, yaani plastiki iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, za mm 4 hadi 6) na zile nyembamba za gundi (mm 2 hadi 3). Kapeti za kuviringisha zina mambo yake, msizilete.

Naanza na kuinuka. Maungio yakisimama kama paa saa nane mchana kisha yakalala usiku, sakafu haina pa kutanukia. Ng'oa sketingi, ule ubao wa chini ya ukuta, uangalie. Ukikuta ubao umegusa ukuta, umeshaupata ugonjwa. Mwanya ni mm 8 hadi 10 kuzunguka chumba kizima, pamoja na nguzo, bomba na miimo ya milango. Mafundi wengi huacha mwanya kwenye kuta nne halafu wakabana mlangoni.

Kliki Mbarara
Mlangoni hapo hapo! Mwimo ndio unaokatwa chini ili ubao upite chini yake. Siyo ubao unakatwa kufuata mwimo halafu unajazwa silikoni.

Injinia Tororo
SPC ni unga wa chokaa kwa sehemu kubwa. Mawe hayatanuki. Mm 3 zinatosha, hizo 10 ni za laminati ya mbao.

Mzee wa Ndeeba
Injinia, huo unga umeshikwa na PVC, plastiki yenyewe ya vinaili. PVC tupu hutanuka takriban sehemu 6 kwa 100,000 kwa kila nyuzi moja ya joto. Sakafu ya mita 8, jua likiipandisha nyuzi 25, hiyo ni mm 12. SPC iko chini ya hapo kwa sababu ya chokaa, lakini sifuri siyo. Na jua letu unalijua.

Injinia Tororo
Hesabu ni ya PVC tupu, umesema mwenyewe. Mimi naongelea SPC.

Nnyabo Sakafu
Basi Injinia sikiliza hii, ndiyo mbaya kuliko zote. Nyumba ya Kira, sebule na jiko pamoja, mita 12 mfululizo bila kipande cha kugawanya. Upande wa magharibi kuna mlango wa vioo wa mita 3 bila pazia. Upande wa pili makabati ya jiko yamewekwa JUU ya sakafu na kupigwa skrubu hadi kwenye zege, na kaunta ya graniti juu yake. Sakafu imepigiliwa upande mmoja, upande wa pili inapikwa na jua. Mwezi wa pili katikati ya sebule kukatokea mgongo wa karibu sm 3, meza ya kahawa ikawa inayumba kama mtumbwi. Kila aliyeukanyaga alivunja ndimi za kliki, na ulimi wa kliki ukishavunjika hauna gundi ya kuurudisha.

Tengenezo lilikwenda hivi. Sketingi zote zilitolewa. Ukingo wa ukutani ulikatwa mm 10 kwa msumeno mdogo wa kutetemeka. Mbele ya makabati mbao zilikatwa mstari mmoja usawa wa ubao wa miguuni, ili makabati yabaki na kipande chao na sakafu iwe huru. Kisha iliachwa siku mbili bila kuguswa. Mgongo ulilala wenyewe. Ndipo mbao zikafunguliwa kuanzia ukuta wa karibu, zilizovunjika zikatupwa (safu tano), na kati ya jiko na sebule ukawekwa mkanda wa alumini wa umbo la T uliofungwa kwenye zege, siyo kwenye mbao. Mwisho mapazia mazito. Hakuna aliyepiga nyundo juu ya mgongo, na msije mkajaribu.

Boda Mukono
Meza kama mtumbwi, banange 😂

Kliki Mbarara
Makabati kwanza, sakafu baadaye. Kila siku tunasema.

Injinia Tororo
Hapo kosa ni la skrubu, siyo la mwanya.

Arua Moja
Ni yote mawili, ssebo. Tuendelee.

Mimi naleta sauti. Ukikanyaga, "ka-ka", kama kuna chura chini. Hilo ni bonde kwenye skridi, ile saruji ya kusawazisha juu ya zege. Lala na pima maji ya mita 2, izungushe kila upande: mwanga ukipita chini yake zaidi ya mm 3, hapo hapafai kuwekwa kitu. Mabonde yajazwe saruji ya kujisawazisha baada ya kupaka praima (maji ya kushikisha), vilima visagwe kwa greinda yenye kikombe cha almasi. Fundi atakwambia povu la kutandika chini ya mbao litaficha. Halifichi. SPC nyingi zimekuja na povu la mm 1 limegandishwa mgongoni, ukiongeza lingine la mm 3 kliki zinacheza juu ya godoro hadi zinakatika.

Mpangishaji Jinja
Naongeza: mwisho wa ubao mmoja na mwisho wa jirani yake viachane angalau sm 30. Ukiona maungio yamepangana kama ngazi ya H, hata kama zege liko sawa yatafunguka.

Mama Gundi
Watu wa kliki mnalalamika, sisi wa gundi tumenyamaza kwa aibu. Zile sakafu za zamani za saruji nyekundu, zilizopigwa nta miaka 20, haziwezi kushika gundi. Utaona kona zinajikunja na ubao unang'oka na gundi yote mgongoni, zege safi kama sahani. Nta lazima isagwe yote. Kupiga sabuni na kusuuza ni kujidanganya. Jaribu kwa tone la maji: likikaa juu kama lulu, nta bado ipo. Likinyonywa, endelea.

Kosa la pili ni haraka. Gundi ya kunata hupakwa kwa mwiko wa meno madogo, ikasubiriwa hadi ibadilike rangi na kidole kikigusa kisitoke na kitu. Fundi anaweka ikiwa bado maji, yale maji yanafungiwa chini, mbao zinatembea. Kisha hapiti na rola. Rola ni ya kilo 45 au zaidi, siyo kifundo cha mkono.

Injinia Tororo
Hapa nakubali kila neno.

Boda Mukono
Tarehe iandikwe ukutani.

Mpangishaji Jinja
Unga mweupe kwenye maungio je? Unafuta Jumatatu, Ijumaa umerudi.

Mzee wa Ndeeba
Chumvi. Maji yanapanda kwenye zege, yanafika juu, yanakauka na kuiacha. Nyumba nyingi zimemwagwa zege juu ya muramu (udongo mwekundu wa changarawe) bila karatasi nyeusi ya polithini chini. Skridi mpya pia: hesabu takriban siku moja kwa kila mm 1 hali ya hewa ikiwa kavu, kwa hiyo ya sm 5 ni wiki saba, na msimu wa mvua ongeza. Kipimo cha bei ya chai: polithini angavu ya sm 50 kwa 50, izungushie tepu pande zote nne, iache siku nzima au tatu. Ukikuta jasho chini yake au zege limegeuka jeusi, rudisha mabox stoo.

Kliki Mbarara
Au tandika polithini chini ya kliki, maisha yaendelee.

Mama Gundi
Polithini inazuia mvuke mdogo. Maji yanayopanda kweli yatalala chini yake yatafute ukuta, na utakuta plasta inabanduka kwa urefu wa futi moja. Umehamisha mgonjwa wodi, hujamtibu.

Kliki Mbarara
Inategemea, nnyabo.

Mama Gundi
Inategemea nani anapaka rangi ukuta.

Wakiso Chini
Samahani kuingilia. Kuna aliyekutana na mchwa chini ya vinaili?

Chumba cha ghorofa ya chini, ubao unasikika mtupu, maungioni kunatoka vumbi jekundu. Sketingi ya mbao ukiibonyeza kidole kinaingia. Mbao zilipofunguliwa: barabara za udongo kuanzia ufa wa pembeni, pale zege linapokutana na ukuta, hadi katikati ya chumba. Vinaili yenyewe haijaliwa, lakini povu la mgongoni limetobolewa kama chujio.

Boda Mukono
Weee!

Arua Moja
Mwaga oili chafu ya gari kwenye ufa. Wazee walifanya hivyo.

Nnyabo Sakafu
Usimwage! Oili inapanda kwenye skridi, hakuna gundi wala praima itakayoshika tena hapo, na harufu utalala nayo.

Mama Gundi
Hao wanatoka nje, kwa hiyo tiba ianze nje. Chimba mtaro kuzunguka msingi, upana sm 15, bila kushuka chini ya msingi wenyewe. Dawa ya mchwa iliyochanganywa kama kibandiko kinavyosema, lita 5 kwa kila mita kwa kila sm 30 za kina, na udongo unaorudishwa nao uloweshwe. Ndani toboa matundu kando ya ukuta, dawa iingie chini ya zege, kisha yazibwe kwa saruji. Ufa ujazwe. Sketingi mpya iwe ya PVC. Mfanyaji awe mwenye glavu na barakoa, watoto wasiwepo.

Wakiso Chini
Webale nnyo. Mbao zinarudi au?

Mama Gundi
Ambazo ndimi na povu ni nzima, ndiyo.

Mpangishaji Jinja
Mchwa wameteka uzi. Naomba turudi: doa la njano chini ya zulia la mlangoni, halitoki kwa jiki wala petroli.

Mzee wa Ndeeba
Mgongo wa zulia ni mpira? Kemikali za mpira zimeingia kwenye ngozi ya vinaili. Halitoki, ni rangi ya ndani sasa. Badilisha ubao. Na jiki na petroli acha, unaua ngozi ya juu. Zulia jipya liwe la kusukwa, lisilo na mpira. Miguu ya viti nayo weka sponji ya kitambaa, siyo kofia za mpira.

Kubadilisha ubao mmoja wa katikati bila kufungua chumba: kata mstatili ndani yake, sm 3 kutoka kila ukingo, toa kipande cha kati, kisha vuta kingo moja moja kwa koleo. Ubao mpya ukatwe mdomo wa chini wa mfereji, upakwe gundi ya epoksi kwenye ndimi, ushushwe, uwekewe uzito saa 24. Matofali kwenye gazeti yanatosha.

Mpangishaji Jinja
Ubao mpya wa wapi? Dukani rangi imekuja tofauti kidogo.

Nnyabo Sakafu
Ndiyo maana unanunua asilimia 10 zaidi na kuweka boksi moja zima. Namba ya toleo imeandikwa ubavuni, ipige picha. Toleo likibadilika, rangi inabadilika.

Boda Mukono
Boksi la akiba nililibeba juzi kwa pikipiki, limesimama wima nyuma ya mlango.

Kliki Mbarara
Lilaze sasa hivi, ssebo. Limeshaanza kupinda.