Miezi minne tangu nipunguzwe tumbo: nitakulaje kwenye sinia la watu?

Mama wa Watatu, Tanga

Assalaam alaikum, na salamu kwenu nyote. Nina umri wa miaka 41, na wiki hii nimetimiza miezi minne tangu nifanyiwe upasuaji wa slivu, ule ambao mitaani huitwa "kukata utumbo", ingawa kinachokatwa ni mfuko wa chakula na utumbo wangu haukuguswa. Nilipolazwa nilikuwa na kilo 128, kisukari cha miaka sita, na magoti yaliyonifanya nipande ngazi za ofisini kwa kushika ukuta. Leo nina kilo 101, daktari amenibakishia aina moja tu ya vidonge vya sukari kati ya tatu nilizokuwa nikimeza, na mume wangu anasema sikoromi tena. Sijutii hata kidogo, na naomba hilo lieleweke kabla sijaeleza kinachonisumbua.

Kinachonisumbua ni sinia. Nyumbani kwangu nimekwisha kuzoea kibakuli kidogo na kijiko cha chai, lakini mwezi uliopita tulikuwa na harusi upande wa mume wangu, tukakaa wanawake watano kwenye sinia moja la pilau, na wifi yangu mkubwa akawa ananimegea nyama na kuisogeza upande wangu, kama ilivyo ada yetu kwa mtu unayempenda. Nilikula matonge matatu harakaharaka ili nisionekane ninadharau chakula cha watu. Tonge la nne halikushuka. Lilisimama katikati ya kifua, mate yakajaa kinywani, machozi yakanitoka, nikainuka kwenda uani na kutapika pembeni ya karo, mbele ya vijana waliokuwa wakiosha masufuria. Niliporudi mkekani wote walikuwa wamenyamaza. Kesho yake mama mkwe alimpigia simu mwanawe akamwuliza kwa sauti ya chini kama mimi nimepima, na sote tunajua neno hilo lina maana gani kwetu mtu anapokonda ghafla.

Anayejua habari ya upasuaji ni mume wangu peke yake. Naomba mliotangulia mnieleze mnavyokula na watu bila kuwavunjia heshima na bila kuumia, na kama mliwaambia wakwe au mlinyamaza. Pia nywele zinaninyonyoka kila ninapochana, kiasi cha kunitia hofu, na Ramadhani inakaribia.

Dada wa Likoni

Wa alaikum salaam, dada yangu, na pole kwa yaliyokukuta uani. Mimi nina miaka mitatu tangu nifanyiwe slivu, na nakuhakikishia kwamba hapo hapakuwa na dharau yoyote. Ulikwenda mwendo ambao tumbo lako jipya haliuwezi. Katika upasuaji wetu huondolewa takriban robo tatu ya tumbo au zaidi, na kinachobaki ni kama mrija mwembamba usiotanuka kwa wepesi. Wali hujibana humo ukashikamana, na ile nyama ya pilau iliyokaukia chunguni ndiyo ngumu kuliko vyote. Mate yanapoanza kujaa, jua kwamba njia imeziba: acha kula papo hapo, wala usinywe maji kwa kudhani yatasukuma, maana hayasukumi, yanapanda juu.

Mimi nilijifunza kula kwenye sinia upya, kama mtoto. Kabla ya kutoka nyumbani ninakula yai moja la kuchemsha na vijiko vichache vya mtindi mzito, ili nisifike shughulini nikiwa na njaa inayonikimbiza. Nikifika ninachagua kukaa na watoto au na bibi asiyekuwa na meno, kisha mimi ndiye ninayemega. Ninachambua samaki, ninatoa miba, ninasogeza nyama laini mbele ya huyu na yule, na kwa kweli hakuna anayehesabu matonge ya mtu ambaye mkono wake unawahudumia wenzake. Tonge langu mwenyewe halizidi ncha ya kidole gumba. Ninalitafuna mpaka liwe kama uji, ninalimeza, halafu ninauweka mkono ukingoni mwa sinia na kuongea kidogo kabla ya kumega tena. Matonge sita au saba ya namna hiyo huchukua muda ule ule ambao wenzangu humaliza sinia, na tunanawa pamoja.

Sharubati na maji ninayaacha, kwa sababu tulifundishwa tusinywe wakati wa kula na tusubiri kama nusu saa baadaye. Hilo lilinishinda kwa miezi, kwani tangu utotoni nilizoea kushushia chakula kwa maji. Uwe na tahadhari zaidi na vitamu. Sikukuu ya Idi ya mwaka wa kwanza nilikula vipande vitatu vya haluwa kabla ya chakula, na haikupita nusu saa jasho lilinitoka, moyo ukaenda mbio, nikalazimika kulala chini kwenye sakafu ya chumba cha dada yangu. Sukari nyingi inapotumbukia utumboni kwa kasi ndivyo inavyofanya. Waliofanyiwa baipasi, ule upasuaji mwingine ambao kifuko kidogo cha tumbo huunganishwa moja kwa moja na utumbo, hupatwa zaidi, lakini sisi wa slivu nasi tumo.

Kuhusu kuwaambia wakwe, mimi sikumwambia mtu, na sioni kwamba nilimkosea mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilisema tu kwamba daktari amenipangia chakula kwa ajili ya sukari, na hilo halikuwa uongo.

Baba wa Kihonda, Morogoro

Dada wa Likoni amesema vizuri kuhusu tonge, nami nimelichukua hilo la kuwamegea wengine, lakini kuhusu kunyamaza naomba nitofautiane naye kwa heshima. Mimi nilifanyiwa baipasi miaka mitano iliyopita na katika mwaka wa kwanza nilipungua kilo 46. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Wateja walianza kuninong'ona, fundi mmoja akaacha kuchukua saruji kwa mkopo kwa kuogopa kwamba nikifa ndugu zangu watamdai kwa ukali, na mama yangu mzazi akawa anafunga na kuniombea kila Ijumaa bila kuniambia anachokiombea. Nilidhani siri ni yangu, kumbe watu walikuwa wamekwisha kuniandikia ugonjwa wao, na mama yangu alikuwa akiubeba peke yake usiku.

Nakushauri usilitangaze ukweni kote, bali mumeo akuongoze mwende kwa mama yake, na yeye mumeo ndiye aanze kusema, kwa kuwa ni mwanawe. Aanze na kisukari. Mama mkwe wa umri ule hahitaji kuelezwa sukari ni kitu gani. Huenda amezika ndugu au jirani aliyekatwa mguu. Akishakumbuka hayo, habari ya upasuaji haitakuwa ya mtu aliyetaka kupendeza, itakuwa ya mtu aliyetaka kuwalea wanawe. Mama yangu alilia, akanigombeza, na tangu siku ile chakula changu ananiwekea kwenye kisosi cha chai na mtu yeyote akinihimiza kuongeza, yeye ndiye anayemjibu.

Jambo jingine, nalisema kwa uchungu. Mwaka wa pili nilikuwa na maumivu ya mgongo, nikaingia duka moja la dawa, nikapewa diklofenaki kwa siku kumi bila kuulizwa chochote, nami sikusema kwamba nimefanyiwa upasuaji. Nilipata kidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo, nikatapika damu. Sisi wa baipasi tumekatazwa diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake, na wewe wa slivu usizitumie kabla ya kumwuliza daktari wako. Kwa maumivu ya kawaida omba parasetamoli, na mweleze mwuza dawa habari ya tumbo lako kabla hajafungua kabati.

Muuguzi mstaafu, Unguja

Mimi sikufanyiwa upasuaji huu, bali nimewahudumia wagonjwa wake wodini, kwa hiyo nitajibu yale ya nywele na Ramadhani na kuongeza lile ambalo nahisi halijasemwa.

Nywele zako, bibie, zinafuata kalenda yao. Mwili unapopata mshtuko wa upasuaji na kupungua uzito kwa kasi, vinyweleo vingi huingia kwenye mapumziko kwa pamoja, na hunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita hivi. Kwa kawaida huota tena, mradi chakula kisipungue ubora. Angalia protini: unatakiwa kupata angalau gramu 60 kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo samaki, dagaa, kuku aliyelainika, maharage yaliyopondwa na mtindi ndivyo vianze kuliwa, na wali au ugali ufuate kama nafasi ingalipo. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yako yote, si vya miezi sita. Usimeze madini ya chuma pamoja na chai, kwani chai huyazuia kufyonzwa, na uyatenganishe na kalsiamu kwa saa mbili. Damu ipimwe pia kwa ajili ya vitamini B12, ambayo ikipungua hutibika kwa sindano.

Lisilosemwa ni kutapika. Kutapika mara moja kwa sababu ya tonge kubwa si jambo la kutisha. Lakini ukitapika siku kadhaa mfululizo, hata maji yasikae, nenda hospitali bila kungoja, kwa sababu akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu. Ikiisha, miguu hufa ganzi, macho huona vitu viwili viwili, mtu huyumba na kuchanganyikiwa, na madhara mengine hayarudi nyuma. Mwambie daktari anayekupokea kwamba ulipunguzwa tumbo, ili upewe B1 kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi, maana glukosi ikitangulia hummalizia mgonjwa kile kidogo kilichobaki. Naomba mumeo naye alijue hili, kwani siku hiyo huenda wewe usiweze kusema.

Ramadhani ya mwaka huu sikushauri ufunge. Unahitaji kama lita moja na nusu ya maji kwa siku, na kwa tumbo linalopokea funda moja moja, muda kati ya magharibi na alfajiri hautoshi kwa maji, futari, daku na usingizi. Madaktari wengi hutaka mtu asubiri mwaka au zaidi. Bado unatumia pia dawa ya sukari, na kipimo chake hakibadilishwi kwa kukisia. Aya ya 184 ya Surat al-Baqara imempa mgonjwa nafasi ya kutimiza hesabu katika siku nyingine. Zungumza na daktari wako, kisha na sheikhe unayemwamini. Hata katika kufuturisha wageni, tende moja baada ya chakula inatosha.

Na kwa kuwa una mume, nikukumbushe kwamba uzito ukishuka uzazi nao hurudi kwa nguvu, hata kwa waliodhani wamemaliza. Ni vyema kusubiri miezi 12 hadi 18 tangu upasuaji kabla ya kushika mimba.

Mama wa Watatu, Tanga

Nimesoma majibu yenu mara nyingi, na mume wangu nimemsomea lile la B1 mpaka amelikariri. Mwenyezi Mungu awalipe.

Jumamosi tulikwenda kwa mama mkwe, na mume wangu akaanza na kisukari kama alivyoelekeza Baba wa Kihonda. Mama alinyamaza muda mrefu akikunja na kukunjua ncha ya kanga. Alipozungumza, hakuuliza habari ya upasuaji kwanza. Alisema amekuwa akinisomea dua miezi miwili kwa ugonjwa ambao sina, na kwamba tungemwambia mapema angeniombea ule nilio nao. Alikasirika, na nadhani angali amekasirika kidogo. Tulipokuwa tukiaga alimwambia mume wangu kwamba wifi zangu atawaeleza yeye mwenyewe, kwa maneno yake, na kwamba tusimwingilie. Sijui atawaeleza nini, ila nimeona nimwachie.

Jambo moja limebaki. Ametaka kujua Idi anipikie samaki gani na kwa namna gani, kwani wa kukaanga ninashindwa kumaliza hata kipande. Dada wa Likoni, wewe unapikaje?

Dada wa Likoni

Mwambie mama atafute changu au tasi mbichi, amchemshe kwa chumvi, ndimu, kitunguu na nyanya, kisha atie tui jepesi mwishoni, lile la maji ya pili, kwani tui zito huchafua tumbo letu. Asimkaange kabla, maana ngozi ikikauka ndiyo inayokwama. Wewe chambua nyama ya mgongoni, ilowe katika mchuzi kidogo, na uanze nayo kabla ya kitu kingine chochote. Na Baba wa Kihonda ameniacha na la kufikiri: mama yangu mimi bado hajui.